Siku Nzioka Alipoketi Mbele ya Mashine

Marehemu Nzioka, Bwana amlaze mahali pema, hakuwa mtu wa kuamini kufuli. Alikuwa akilifunga, analivuta, anaenda zake hadi kwenye tangi la maji, halafu anarudi kulivuta tena. Akisharidhika, anachomeka unyasi mkavu kwenye komeo, mahali ambapo mtu mwingine asingeuona. Asubuhi, kabla ya kusalimia mtu yeyote, anakwenda kuutazama. Kama unyasi upo, moyo wake unatulia mpaka jioni.

Alikuwa mtunza kanisa pale Mbumbuni, nyuma ya soko. Alifagia, alipanga viti, aligonga kile kipande cha reli kilichokuwa kengele yetu, na alikaa na ufunguo. Ufunguo ulining'inia shingoni kwa uzi, chini ya shati, na watoto wake walizoea kuuona hapo tangu wakinyonya. Watu walimcheka kwa hilo, lakini waliojua alikotoka hawakumcheka sana.

Alizaliwa upande wa Kasikeu. Ujana wake, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, alipata kazi ya kulinda stoo katika shamba moja la mkonge karibu na barabara ya Mombasa. Magunia yakaanza kupotea. Siku moja msimamizi alimwita mbele ya wafanyakazi wote, akamvua kofia ya kazi, akamwambia aende kwao. Baadaye ilijulikana kwamba msimamizi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyauza, lakini hakuna aliyefunga safari mpaka Kasikeu kumweleza mzee wake. Baba yake alikufa akiamini amezaa mwizi. Nzioka alikuja kuokoka, akamwoa Mbinya, wakapata watoto, na kifungua mimba wao akawa Kilonzo. Lakini jambo lile halikumtoka. Aliwahi kumwambia Pasta Mbuvi, "Mungu namwamini bila maswali. Watu nawaamini nikiwa nimewatazama mikono." Siku alipopewa ufunguo wa kanisa alilia, na hakuna mtu mwingine pale aliyeelewa kwa nini mzee mzima analilia chuma kidogo namna ile.

Sasa, mwaka wa tisini na tano, mvua zikiwa zimekataa na mahindi yamekauka yakiwa yamefika magotini, likaja gari jeupe kutoka Nairobi. Ndani yake alikuwa Bwana Irungu, mwalimu wa chuo kikuu, mtu mwembamba mwenye miwani, pamoja na mwanafunzi wake, msichana aliyeitwa Gathoni. Walileta kompyuta na jenereta, wakaomba kutumia chumba cha Shule ya Jumapili. Baada ya ibada Irungu alisimama mbele ya watu akaeleza kwamba wanachunguza jinsi macho ya mtu yanavyotafuta. Mtu ataonyeshwa picha za mafumbo, michoro iliyopangwa kwa utaratibu na yenye kipande kimoja kilichokosekana, naye atachagua kipande kinachofaa kati ya vile vilivyowekwa chini na pembeni. Atakayekaa atapewa kipande cha sabuni. Atakayepata yote sawa ataongezewa kilo ya sukari.

"Sukari?" Mumbua, mama mmoja wa kwaya, alimnong'oneza jirani yake. "Kwa kutazama picha? Hapo pana kitu."

Nzioka naye alisikia hivyo hivyo: hapo pana kitu. Lakini ufunguo wa chumba kile ulikuwa wake, na Pasta alikuwa ametoa ruhusa, kwa hiyo Jumatatu alikuwa mlangoni akisaidia kubeba meza na akitazama mikono.

"Hiki nacho ni nini?" alimwuliza Gathoni, akionyesha kitu cheupe, laini kama jiwe la mtoni, chenye mkia mrefu ulioingia nyuma ya mashine.

"Hicho ni kipanya, mzee. Ukikisukuma hapa mezani, ule mshale kule kwenye kioo unatembea."

"Unatafuta nini?"

"Unachotafuta wewe. Picha tumeifunika ukungu. Pale mshale unapopita ndipo panapoonekana, sehemu ndogo tu, kama mtu anayemulika ghala kwa tochi. Kwa hiyo tunajua mtu alimulika wapi kwanza, alikaa wapi, alirudi wapi."

"Mnajua vipi na nyinyi mmekaa huko nyuma?"

"Mashine inaiweka njia yote."

"Njia ya mkono wangu."

"Ndiyo, mzee."

"Na mkishaiweka, mnaipeleka wapi?"

"Nairobi."

"Nairobi kwa nani?"

Gathoni alicheka. Nzioka hakucheka. Nyanya yake, enzi za giza kabla ya Injili, alikuwa akiwafutia watoto nyayo zao barabarani kwa tawi la mti, kwa sababu mtu mbaya angeweza kuchota udongo wa unyayo na kwenda nao kusikojulikana. Nzioka alikuwa ameokoka na mambo hayo alikuwa ameyatupa. Hata hivyo hakupenda kusikia kwamba kuna mtu anayekusanya njia za mikono ya watu na kuzitia ndani ya sanduku.

Na hakuwa peke yake. Mwaka ule masikio ya watu yalikuwa yamejaa habari za waabudu shetani, na kila mhubiri aliyepita sokoni alikuwa na la kusema kuhusu namba ya mnyama na mashine zitakazoiandika. Siku zilipita, jenereta ikinguruma na kuchoma petroli, na hakuna aliyeingia chumbani. Irungu alikaa mlangoni kama mwenye duka asiye na wateja. Pasta Mbuvi, ambaye ndiye aliyewaruhusu, alianza kuona haya.

Ndipo Mbinya akasema atakaa yeye.

"Mama Kilonzo," Nzioka alimwambia nyumbani, "wewe ndiye umechaguliwa kuonja mtego?"

"Mtego uko kanisani, Baba Kilonzo. Kama shetani amefika mpaka huko, huku nyumbani tulikwisha zamani."

"Mimi sijakukataza."

"Najua. Hukukataza. Umenuna tu."

Alikwenda, akakaa, akarudi na sabuni yake. Mafumbo mengi yalikuwa yamemshinda, lakini uso wake uling'aa, na ulimi ulikuwa ukimwasha. Kabla hajafungua mdomo, Nzioka aliinua mkono. "Habari za mashine ile ndani ya nyumba hii sitaki kuzisikia. Iwe asubuhi, iwe jioni, sitaki."

Mbinya aliiweka sabuni rafuni. "Sawa," alisema. Yeye alikuwa mwanamke wa namna hiyo: ukimwambia usilete, haleti, na utakuja kulijutia neno lako mwenyewe.

Pasta alifurahi sana. Alimwomba Mbinya awaeleze wenzake katika ushirika wa akina mama kwamba mashine haikumdhuru. Ushirika ule ulikuwa kila Jumatano alasiri, ndani ya kanisa, kwa Kikamba. Wanaume hawakuingia. Nzioka mwenyewe, siku hiyo, alikuwa akifungua mlango kisha anakwenda mtoni na punda kuchota maji kwenye visima vya mchangani, na kurudi jua likikaribia kuzama. Wageni wa Nairobi walikaa nje chini ya kivuli cha ukuta, wakinywa chai waliyoletewa na akina mama hao hao. Walisikia nyimbo. Walisikia mama mmoja baada ya mwingine akizungumza kirefu, na wengine wakiitikia amina. Hawakujua Kikamba, kwa hiyo waliendelea na chai yao.

Kuanzia Alhamisi watu walijaa. Akina mama kwanza, halafu waume zao, halafu hata wachuuzi wa sokoni. Irungu alifurahi mpaka akaanza kupiga mluzi. Mifuko ya sukari ilianza kutoka, mmoja leo, miwili kesho, mwishowe ikawa inatoka kwa mfululizo. Gathoni akatumwa mjini Sultan Hamud kuongeza nyingine.

Wiki ya tatu, mluzi ulikoma.

Nzioka ndiye aliyeona kwanza, maana kutazama ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliona Irungu amekaa na makaratasi yenye mistari, akiyageuza huku na huku. Aliona Gathoni anamsalimia akitazama pembeni. Jioni moja, alipokuwa akifunga mlango, aligeuka akamkuta Irungu nyuma yake, macho yakiwa shingoni pake, pale uzi wa ufunguo ulipoingia ndani ya shati. Aliyajua macho yale. Alikuwa ameyaona mara ya mwisho kwenye shamba la mkonge.

Kesho yake alikuja Mzee Ndolo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mkubwa wa mwili aliyezungumza kana kwamba kila neno linapimwa kwa mizani.

"Nzioka, ufunguo wa chumba kile anao nani?"

"Unajua ninao mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Na ukilala?"

"Unalala shingoni. Ndolo, sema unachotaka kusema."

Ndolo alisafisha koo. "Wageni wanasema mafumbo yao yamevuja. Watu wanaingia wakiwa wanajua majibu. Wanasema kuna mtu anawafungulia watu nje ya saa za kazi, wanatazama, halafu sukari inagawanywa. Jumamosi wazee watakaa. Ikionekana ni kweli, ufunguo tutauchukua, na Meza ya Bwana utaisikia kutoka nje. Mpaka siku hiyo usimwambie mtu. Hata mkeo."

"Mlango ule haujafunguliwa. Ninaweka unyasi kwenye komeo. Haujawahi kuanguka."

"Unyasi umeweka wewe, na shahidi wa unyasi ni wewe."

Nzioka alibaki amesimama pale hadi Ndolo alipopotea nyuma ya vibanda. Hakufikiria sukari wala mashine. Alimfikiria baba yake, na alifikiria kwamba safari hii wa kufa wakiamini baba yao ni mwizi watakuwa wanawe.

Kuanzia saa hiyo alimshuku kila mwenye mikono. Alimshuku Ndolo: mbona ameuliza habari za kulala? Alimshuku Pasta, aliyeleta wageni. Alimshuku Irungu, kwamba labda kazi yake imeharibika na anatafuta wa kumwangushia. Usiku aliugusa ufunguo mpaka ngozi ya kifua ikauma. Swali moja halikumwachia nafasi: kama mlango umefunguliwa bila kuvunjwa, na ufunguo unalala shingoni, basi aliyeuchukua ni mtu anayejua usingizi wake ni mzito saa ngapi.

Ijumaa, wakati wa kuandaa chakula cha jioni, aliingia jikoni kutafuta kiberiti, akafunua kopo. Lilikuwa limejaa sukari. Nyuma yake palikuwa na mfuko mwingine, haujafunguliwa.

"Hii sukari imetoka wapi?"

Mbinya alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka. "Nimepewa."

"Na nani?"

"Na akina mama."

"Wewe ulipata sabuni tu. Wakupe sukari kwa nini?"

"Ulisema habari za mashine huzitaki ndani ya nyumba. Nizilete sasa?"

Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka, sahani mikononi. Nzioka aliwaona, na bado neno lilimtoka. "Mama Kilonzo, umewahi kunivua ufunguo nikiwa nimelala?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Rudia," Mbinya alisema.

Hakurudia.

"Nimelala kando ya ufunguo huo tangu Kilonzo hajazaliwa. Umenikwaruza mgongoni, umeniamsha ukianguka kitandani, nimekushonea uzi ulipokatika. Na leo unaniuliza hivyo mbele ya watoto." Aliipua ugali, akawapakulia wote, hata mumewe, kisha akatoka akaenda kukaa kwa Mumbua mpaka giza lilipoingia. Hakumwambia neno tena, wala Nzioka hakumwambia la Jumamosi. Alikuwa ameagizwa kunyamaza, na sasa hata angetaka kusema hapakuwa na wa kumsikiliza.

Jumamosi wazee walikaa chumbani mwa Shule ya Jumapili, wakiwa wamebanana kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Irungu aliwasha mashine.

"Nataka muone wenyewe," alisema. "Huyu ni mtu wa siku za mwanzo."

Kioo kiliwaka, na mshale ukaanza kutembea wenyewe, bila mkono wa mtu. Mzee mmoja alirudisha kiti nyuma na kutaja jina la Yesu. Mshale ulikwenda juu, ukarudi, ukazunguka kipande hiki na kile, ukasita, ukaondoka, ukarudi tena palepale kama kuku anayetafuta punje aliyoiona jana.

"Huyu alitafuta," Irungu alisema. "Sasa tazameni wa wiki hii."

Mshale ulitoka katikati ya kioo ukaenda moja kwa moja kwenye kipande cha pembeni. Mashine ikalia kama kifaranga, kuonyesha jibu ni sawa. Picha ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo.

"Huyu hakuondoa hata ukungu kuona picha yenyewe. Mtu anajibuje swali ambalo hajalisoma? Na si mmoja. Ni karibu wote. Wazee wangu, mimi sikuja kumchafulia mtu jina. Lakini mlango haujavunjwa, na mwenye ufunguo ni mmoja."

Pasta Mbuvi alitazama chini. Ndolo alisema, "Nzioka, umesikia."

"Nimesikia. Sikumfungulia mtu."

"Na watu wamejuaje?"

"Sijui."

"Hujui," Ndolo alisema polepole, na neno lile lilizunguka chumbani likimfikia kila mzee likiwa baya zaidi.

Gathoni, aliyekuwa amesimama kando ya mashine, aliinua mkono kama yuko darasani. "Mwalimu, huyu mzee hajawahi kukaa mbele ya mashine. Kama ndiye anayewaonyesha watu, mafumbo ameyaona na majibu anayajua. Mwache akae."

"Anaweza kujifanya hajui," Ndolo alisema.

"Anaweza," Irungu alikubali. "Lakini mkono unaojua una shida kupita mahali kana kwamba haupajui. Akae."

Nzioka alitazama kile kitu cheupe chenye mkia. "Na nikikataa?"

"Ukikataa tutakuwa tumejua," Ndolo alisema.

Basi akakaa. Alifumba macho, akasali kwa midomo tu, akakishika kipanya kana kwamba kingeweza kumng'ata. Mshale uliruka ukaenda pembeni ya kioo ukapotea. Gathoni akamsaidia kuurudisha. Ukungu ukafunguka kidogo: mistari. Akasogea: mistari mingine. Akaenda juu, akasahau alichoona chini. Akarudi chini, akasahau cha juu. Alichagua kipande, mashine ikanyamaza. Picha ya pili ilikuwa ya vidoadoa kama mbegu. Alizunguka humo mpaka jasho likamtiririka puani, akachagua, mashine ikanyamaza. Wazee walianza kuinama mbele. Mmoja alishindwa kujizuia, akanong'ona, "Juu, juu," na Irungu akamnyamazisha.

Ikaja picha ya mistari iliyojikunja kama nyoka. Hiyo ndiyo ilimmaliza. Mshale ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi.

"Anajifanya vizuri," Ndolo alisema.

Wakati huo akina mama walikuwa wamefika na chai. Mbinya alikuwa mbele, birika mkononi, Mumbua nyuma yake na vikombe. Hakuna aliyekuwa amewaambia kinachoendelea. Mbinya alisimama mlangoni akamwona mumewe, yule aliyekataa hata kusikia habari za mashine, amekaa mbele yake, shati limeloa mgongoni, wanaume wazima wamemzunguka wakimtazama akishindwa. Tangu jana jioni alikuwa amejiapiza kutomsemesha. Lakini alimvumilia kwa muda wa kupumua tu.

"Baba Kilonzo! Cha chini, mwisho, mkono wa kulia! Ile ya nyoka ni cha chini mwisho!"

Mkono wa Nzioka, bila kumwuliza mwenyewe, ukaenda huko. Mashine ikalia.

Kila mtu aligeuka. Irungu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, umejuaje?"

"Kila mtu anajua."

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna aliyetuambia. Tulishuhudia." Mbinya aliweka birika chini, maana aliona hawaelewi. "Jumatano kila mama husimama akasema aliyotendewa na Bwana wiki hiyo. Hafupishi. Ukifupisha unaambiwa rudi useme vizuri, usimfiche Bwana. Mimi Pasta alinituma niseme, watu waache kuogopa. Nikasema: ya madirisha nilishindwa, ya mbegu nilishindwa, ya nyoka mkono ulitetemeka, nikaita jina la Yesu, nikaona kile cha chini mwisho, na mashine ikalia. Wakasema amina. Jumatano iliyofuata mwenzetu Ndila akasimama, yeye alikuwa amepata ya madirisha: ni kile chenye msalaba. Ya mbegu ni cha pili juu."

"Cha tatu," Mumbua alisema kutoka nyuma. "Cha pili ni ile ya miraba."

"Cha tatu, asante. Nao wakafika nyumbani wakawashuhudia waume zao. Waliopata sukari wakanikumbuka, maana mimi ndiye niliyeanza."

Gathoni alishika kichwa. "Lakini mama, nilimwambia kila mtu asiwaambie wengine!"

"Ulisema tusiwaambie watu, mwanangu. Sisi tulimwambia Bwana."

"Kwa sauti?"

"Sasa tukimwambia kimya, wenzetu wataitikia amina ya nini?"

Pasta Mbuvi alitoa leso akafunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Irungu hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, akatazama kupitia dirishani ule ukuta wa kanisa ambao kivulini mwake alikuwa amekaa Jumatano zote, kikombe mkononi, akisikiliza kazi yake ikitolewa sadaka kwa Kikamba. Halafu alisimama, akamwendea Nzioka, akampa mikono yake yote miwili. "Mzee, nimekukosea. Nisamehe. Na kama utakubali, maliza picha zilizobaki. Hapa Mbumbuni nadhani umebaki peke yako usiyejua kitu."

Wazee wakacheka, hata Ndolo kidogo. Nzioka hakucheka.

"Njia ya mkono wangu mliyoichukua leo, inafutika?"

"Ukitaka," Gathoni alisema.

"Ifute nikiona."

Gathoni akabonyeza, na kioo kikabaki kitupu. Nzioka aliinama akachungulia nyuma yake. "Na nitajuaje kwamba haimo?" aliuliza. Msichana alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwa na jibu, na Nzioka alimheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote alilowahi kumweleza.

Walirudi nyumbani pamoja, Mbinya mbele na birika tupu, Nzioka nyuma. Walipita soko, wakapita kisima.

"Mama Kilonzo."

"Naam."

"Ningekuacha useme habari zako ile siku ya kwanza, haya yote yasingekuja."

"Yasingekuja."

"Lakini ningekuwa nayajua majibu. Wangenikuta nayajua."

Mbinya alisimama kidogo. Hilo hakuwa amelifikiria. "Basi Bwana ametumia hata kununa kwako," alisema, akaendelea kutembea.

"Lile la jana nimelikosea. Nisamehe."

"Watoto walisikia. Utawaambia wao kwanza."

"Nitawaambia."

"Ukishawaambia, na mimi nitakusamehe. Lakini Jumatano nitashuhudia."

Nzioka alisimama. "Yote?"

"Baba Kilonzo, unataka nifupishe?"

Wageni waliondoka wiki iliyofuata. Walisema wanakwenda Kabati, kule Kitui, na picha mpya, na kwamba huko hawataanza kazi kabla ya kuuliza akina mama hukutana siku gani. Wazee walitangaza mbele ya kanisa lote kwamba Nzioka hana hatia, na ufunguo ubaki kwake. Lakini katika kikao hicho hicho Ndolo alitoa hoja kwamba, kwa usalama tu, mlango uwekwe kufuli la pili, na ufunguo wake akae nao yeye. Hakuna aliyepinga. Hivyo ndivyo watu walivyo: walimwamini, na wakaongeza kufuli.

Kwa hiyo kila Jumapili Nzioka alifungua la kwake mapema, kisha akakaa kwenye ngazi kumngoja Ndolo, na Ndolo alikuwa mtu wa kuchelewa. Watu walisimama uani na Biblia zao, watoto wakilia, kwaya ikianza wimbo na kuuacha. Iliendelea hivyo hadi karibu na mwisho wa maisha ya Nzioka, wakati kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua na kupanda ngazi zile kulimchosha. Mwishowe Pasta Mbuvi alichoka. Asubuhi moja, watu wote wakiwa wamesimama juani, alisema kwa sauti kwamba mzee huyu ameaibishwa vya kutosha, na leo hii kufuli la pili litaondolewa. Hata Ndolo, aliyekuwa amefika akihema, aliinamisha kichwa na kukubali.

"Hapana, Pasta," Nzioka alisema, akijisogeza kando ili Ndolo apate nafasi ya kufungua. "Liacheni. Kikipotea kitu safari hii, tutakuwa wawili."